Albamu ya Chumbani Bwiza: Mjadala wa Sauti Nne

Albamu ya nyumbani ni mkusanyo wa nyimbo ambazo wasanii wenyewe wamezitunga, wakazirekodi na kuzichanganya katika nyumba wanamoishi, bila kampuni ya kuwagharamia na bila studio ya kukodi kwa saa. Bwiza, mtaa wa Bujumbura unaopakana na Buyenzi na ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Belge, una sababu zake za kuwa mahali pa kazi hiyo. Wakazi wake wana asili ya Burundi, Kongo, Rwanda na Tanzania. Kiswahili, Kirundi na Kifaransa hupokezana ndani ya sentensi moja. Na jua likishatua muziki hutoka katika kila baa. Nyumba nyingi ni za ua: vyumba vimezunguka uwanja mmoja, paa ni za mabati, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Chumba cha kurekodia cha Bwiza ni chumba chenye majirani, na karibu kila suala la albamu ya nyumbani huanzia hapo.

Jambo hili hubishaniwa, na hoja zake hutoka kwa watu wanne ambao kazi huwakutanisha. Mtunzi ndiye mwenye nyimbo. Prodyuza ndiye mwenye kompyuta. Mzee wa bendi alipiga gitaa katika okestra miaka ambayo kompyuta haikujulikana mtaani. Mwenye kibanda huwapakia watu nyimbo kwenye simu na flashi. Kila mmoja anajua kitu ambacho wengine watatu hawakijui.

Suala la kwanza ni kama albamu yenyewe inahitajika. Mwenye kibanda anakana. Mteja wake hufika na simu mkononi, anataja wimbo mmoja aliousikia jana baa, anapakiwa, anaondoka. “Anayeniomba albamu nzima,” anasema, “ni yule anayesafiri.” Prodyuza anamuunga mkono kwa hesabu ya kazi: wimbo mmoja huchukua usiku mbili tatu, hutoka, na wiki hiyohiyo mtunzi hujua kama umepokewa. Nyimbo kumi hukaa kwenye kompyuta mwaka mzima, na mwaka ukiisha mwenyewe amezichoka kabla hazijafika sikio la mtu wa pili.

Mtunzi hakatai hesabu hiyo. Anasema tu kwamba kuna mambo yasiyoingia katika dakika tatu na nusu. Mtu aliyekulia Bwiza akitaka kuueleza ua wake, mama anayekaanga ndagala jioni, kaka aliyevuka ziwa kwenda Uvira au Kigoma na kukaa huko, deni la butiki, msiba na harusi katika wiki moja, anahitaji nyimbo kadhaa zinazojuana. Mzee wa bendi anaongeza hoja ya historia. Khadja Nin, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1959, alikijulisha Kiswahili cha nyumbani kwake kwa wasikilizaji wa mbali kwa albamu ya *Sambolera* ya mwaka 1996, wakati huo akiishi Ulaya. Kidum, mzaliwa wa mtaa wa Kinama, Bujumbura, alikimbilia Kenya mwaka 1995, na *Yaramenje*, albamu yake ya kwanza, ilitoka mwaka 2001 akiwa Nairobi. “Tazama, mwanangu,” mzee anamwambia prodyuza, “ili mtu wa Bujumbura awe na albamu ilibidi kwanza aihame Bujumbura. Leo mashine iko chini ya kitanda chako.”

Hoja ya mzee ina uzito kuliko ile ya kibanda, kwa sababu kilichobadilika ni bei ya vifaa, na kimebadilika kwa haraka sana. Mwaka 1979 kampuni ya TASCAM ilitoa Portastudio, mashine ya kwanza iliyomwezesha mtu kurekodi njia 4 za sauti kwenye kaseti ya kawaida. Miaka mitatu baadaye Bruce Springsteen aliitumia nyumbani kwake New Jersey kurekodi nyimbo alizokusudia ziwe mfano tu kwa bendi yake. Bendi ilizipiga upya studio, matokeo hayakumridhisha, na kilichouzwa kwa jina la *Nebraska* mwaka 1982 kikawa ile kaseti ya chumbani. Mwaka 1997 Image-Line, kampuni ya Ubelgiji, ilitoa FruityLoops, ambayo leo inaitwa FL Studio, na programu hiyo ikawa meza ya kazi ya maprodyuza wengi wa Afrika Mashariki. Dar es Salaam, studio ya Sisso iliyo Mburahati ilikuza singeli kwa vifaa vya kawaida kabisa, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikausambaza muziki huo duniani katika mkusanyo wa *Sounds of Sisso*. Mburahati na Bwiza ni mitaa ya aina moja.

Likikubaliwa suala hilo, linafuata la utaratibu: nini kianze, biti au wimbo? Prodyuza hutengeneza biti kwanza. Mtunzi akija anamkuta amekwisha kupanga ngoma, besi na kinanda, naye huimba juu yake. Njia hii ni ya haraka na ina faida ya kweli: mdundo mzuri huzaa maneno ambayo karatasi tupu isingeyazaa. Mzee wa bendi anaiona kasoro yake. Nyimbo kumi zilizozaliwa hivyo huwa na mwendo mmoja, urefu mmoja, na kiitikio kinachoingia pahali palepale, kwa kuwa kompyuta imekata wakati katika visanduku vya baa nne nne za mdundo na mtunzi amejaza visanduku. Katika okestra, anaeleza, wimbo uliletwa mazoezini ukiwa na gitaa moja na sauti moja. Ukishindwa kusimama hivyo, haukuingia katika orodha.

Kipimo cha mzee kinafaa kwa albamu ya nyumbani, tena kuliko kwa bendi, kwa kuwa ni cha bure. Wimbo huimbwa uani jioni, gitaa moja tu, watu wakiendelea na shughuli zao. Siku ya tatu watoto wa ua wakiwa wanauimba wenyewe, una kiitikio. Wakiwa wanaimba mstari mwingine kabisa, basi kiitikio cha kweli ni mstari huo, na mtunzi abadilishe. Albamu yenye nyimbo nane hadi kumi zilizopita mtihani huo inaweza kuanza kurekodiwa. Isiyopita humlazimu mtunzi kutungia mbele ya maiki, na saa za utulivu, ambazo Bwiza ni chache mno, huishia katika kutafuta vina.

Lugha nayo ina mjadala wake. Mwenye kibanda anataka Kiswahili, kwa kuwa wimbo wa Kiswahili huvuka hadi Uvira, Bukavu, Kigoma na Mombasa. Mzee anataka Kirundi kwa nyimbo za uchungu. Mtunzi hutaka zote mbili, na Kifaransa kidogo, kama anavyozungumza. Hapa liko jambo la ufundi ambalo mara nyingi husahauliwa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo ukiangukia pigo dhaifu neno hulegea, au hubadilika: *barabara* yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia ya magari, na yenye mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa. Kirundi hubeba maana kwa toni na kwa urefu wa irabu. Irabu ndefu ikibanwa katika noti fupi, msikilizaji wa Kirundi husikia kosa. Wimbo uliotungwa kwa Kiswahili ukihamishiwa Kirundi juu ya sauti ileile hudai noti nyingine. Mtunzi anayechanganya lugha hufanya vyema kutunga kila beti pamoja na sauti yake, na kuacha kutafsiri.

Kisha kinakuja chumba, na ndicho chenye ubishi mkubwa zaidi.

Chumba cha kawaida cha ua kina mita 3 kwa mita 3, sakafu ya saruji, kuta za tofali zilizopigwa plasta, dari nyembamba au hakuna. Mawimbi ya sauti hurudi kutoka kila ukuta. Kuta mbili zinazotazamana zikiwa umbali wa mita 3, sauti ya mitetemo kama 57 hivi kwa sekunde hujikuta inarudi juu ya yenyewe na kuvimba. Waya wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa mitetemo 55. Ndiyo sababu noti hiyo moja hunguruma karibu na kuta na kufifia katikati ya chumba, na ndiyo sababu prodyuza, akiwa ameketi katikati ya chumba cha mraba, huiongeza besi ambayo kwa kweli haikupungua. Wimbo ukitoka nje ya chumba unakuta umevimba tumbo. Dawa ya bure ni kusogeza meza kutoka katikati na kusikiliza besi kwa vifaa vya masikioni kabla ya kuigusa.

Maprodyuza wengi wamebandika trei za mayai ukutani. Trei hizo ni za karatasi nyepesi: hupunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu, za kati na za chini hupita kana kwamba hakuna kitu, na hazizuii kelele kuingia wala kutoka. Kitenge kilichotundikwa hufanya kazi kama hiyo, yaani ndogo. Kinachosaidia ni unene. Godoro la sponji la sentimita 15, likisimamishwa nyuma ya mwimbaji, hufanya zaidi kuliko ukuta mzima wa trei, kwa kuwa maiki humtazama mwimbaji na nyuma yake ndiko mwangwi unakotoka. Godoro la pili huwekwa ubavuni, na blanketi zito hutupwa juu ya kamba kutoka dirishani hadi mlangoni. Mwimbaji husimama ndani ya kihema hicho akitokwa jasho, kwa sababu feni lazima izimwe, na Bujumbura iliyo kando ya Ziwa Tanganyika haina usiku wa baridi. Mbele ya maiki huwekwa kipande cha soksi ya kike kilichonyooshwa kwenye kizingo cha waya, kuzuia pumzi ya *p* na *b* isigonge. Mdomo hukaa shubiri moja kutoka maiki. Umbali ukiongezwa maradufu, sauti ya mwimbaji hushuka kwa desibeli 6 na sauti ya chumba hubaki ilivyokuwa. Hivyo shubiri moja ina thamani kuliko maiki ya bei mbaya.

Juu ya maiki, prodyuza anatetea ile ya kondensa, inayonasa kila unyuzi wa sauti. Ni kweli huunasa, pamoja na sufuria ya jirani. Katika chumba cha ua, maiki ya dainamiki kama Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966 na inayotumika katika majukwaa ya dunia nzima, hufaa zaidi kwa sababu ya upungufu wake: hainasi vizuri kilicho mbali.

Lakini kelele za ua zenyewe zifanyweje? Hapa huingia sauti ya tano, ambayo wanne hawakuialika. Mama mwenye nyumba anasema: “Wanangu, siwezi kuwaambia wapangaji kumi wasipike kwa sababu yenu. Niambieni saa, nami nitawaambia.” Hilo ndilo suluhisho, na ni la kijamii kuliko la kiufundi. Ua una ratiba yake. Adhana hujulikana dakika yake. Gereji na wachomeleaji wa Buyenzi hufunga jioni. Baa hukolea usiku, na Ijumaa na Jumamosi hazifai kabisa. Inabaki nafasi kati ya saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule, na saa sita, moto wa mchana unapowashwa. Na nafasi nyingine baada ya saa nane usiku katika siku za kazi. Albamu ya nyimbo kumi huingia katika nafasi hizo kama kila mtu anajua zamu yake na hakuna anayetafuta mashairi. Mvua nayo ina kalenda: kuanzia Oktoba hadi Mei huweza kugonga mabati wakati wowote na kufuta siku nzima, ilhali Juni hadi Agosti paa hunyamaza. Anayetunga wakati wa mvua na kurekodi kiangazi ameupata msimu wake.

Umeme wa shirika la REGIDESO ni suala la namna hiyohiyo. Unaweza kukatika katikati ya beti, na kompyuta ya mezani huzimika na kazi yake. Kompyuta mpakato hukaa na betri, na ikiwa inatumia betri hiyo ina neema nyingine: ule mlio wa chini wa mitetemo 50 unaoletwa na soketi isiyo na waya wa ardhini hutoweka pindi chaja inapochomolewa. Mwenye kukatikiwa na umeme saa ya kurekodi sauti, kama betri imejaa, anaweza kukuta amepewa rekodi safi kuliko jana.

Prodyuza anayaona haya yote kuwa ni njia ya kuifikia studio kubwa kwa ngazi ya umaskini: kila godoro ni kisingizio cha ukuta ambao mtu hana pesa za kuujenga. Katika hili amekosea, na anayemkosoa vizuri ni inanga. Inanga ni ubao uliochongwa kama sinia refu, uzi wake ukipitishwa kutoka ncha hadi ncha mara kadhaa. Mpigaji wa Burundi anayefuata mtindo wa kale haimbi kwa sauti: hunong’ona. Maneno hutoka kwa pumzi, bila toni ya koo, na nyuzi ndizo zinazoyabeba kwa kupanda na kushuka, hata msikilizaji huamini kuwa mtu anaimba. Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi mwaka 1967, santuri ikatolewa na lebo ya Ocora, na mnong’ono huo ulinaswa humo pamoja na ngoma. Ni muziki uliotengenezwa kwa ajili ya watu waliokaa karibu, usiku, katika nyumba ndogo. Hauhitaji ukumbi; ukumbi ungeuua.

Kwa hiyo Burundi ilikuwa na sanaa ya chumbani zamani kabla ya kompyuta, na albamu ya nyumbani ya Bwiza ina ukoo wa kuutazama. Nguvu yake ni ukaribu: pumzi, kidole kinachoteleza kwenye waya, sauti ya mtu anayezungumza na mmoja. *Nebraska* ilishinda studio kwa sababu hiyohiyo. Albamu inayokificha chumba chake kwa mwangwi wa kubandika na kwaya ya kompyuta hupoteza kitu pekee ambacho studio haikuweza kuwa nacho.

Mwenye kibanda ana pingamizi la haki. “Kaka, mnong’ono wako ukipigwa baa nani atausikia?” Hakuna atakayeusikia. Baa ya Bwiza saa tatu usiku, mishikaki ikichomwa na meza zikiongea, hukubali ngoma, besi na kiitikio cha kupokezana. Njia nzuri ni kuzigawa nyimbo: mbili au tatu za baa, zilizotengenezwa kwa biti nzito, na zilizobaki za sikio. Albamu haina sharti la kuwa na kimo kimoja mwanzo hadi mwisho, na hiyo ni faida iliyonayo juu ya wimbo mmoja mmoja.

Kuhusu vyombo vya kupiga kwa mkono na vya programu, mjadala ni mfupi kuliko makelele yake. Mzee anakumbuka kwamba bendi za Tanzania zilizorekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam zilipiga wote pamoja, mara moja, na rekodi hizo bado zinapigwa. Prodyuza anajibu kwamba hana chumba cha kuweka wapigaji wanane. Wote wawili wana haki. Kinachowezekana ni kuupanga mdundo kwa programu na kuweka juu yake angalau chombo kimoja cha kweli katika kila wimbo, gitaa la mzee likiwa la kwanza, kwa kuwa mkono wa mtu hutangulia na kuchelewa kwa namna inayoufanya mdundo wa mashine upumue. Ngoma kubwa za kifalme, zilizoandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi usioshikika, haziingii chumbani kwa kimo wala kwa sheria: amri ya rais ya Oktoba 2017 inadai kibali cha wizara ya utamaduni kwa maonyesho yake na inawazuia wanawake kuzipiga.

Kuchanganya sauti huchukua muda mrefu kuliko kurekodi, na hapa ndipo albamu nyingi za chumbani hufia. Sababu ni ya masikio. Mtu aliyeusikia wimbo mara mia mbili hausikii tena. Ubongo humjazia kilichopungua. Mtunzi hutaka sauti yake iwe juu kwa kuwa ni yake. Prodyuza hutaka ngoma juu kwa kuwa ni zake. Studio ya kukodi ilikuwa na mtu wa tatu asiyempenda yeyote kati yao, na saa ya ukutani iliyowalazimisha kumaliza. Nyumbani vitu hivyo viwili lazima vitafutwe. Saa huwekwa kwa makubaliano: siku mbili kwa wimbo, kisha hauguswi kwa wiki nzima. Mtu wa tatu ni mzee, ambaye husikia gitaa lililopotoka hata akiwa chumba cha pili, au ni mwenye kibanda, anayejua spika ndogo ya simu hula besi na kuacha sauti za kati. Wimbo husikilizwa kwenye simu, kwenye redio ya teksi, kwenye spika ya baa mchana kabla ya wateja, na kwa sauti ya chini kabisa. Kwa sauti ya chini kinachosikika ndicho kilicho juu mno, na kinachotoweka ndicho kilichozikwa.

Prodyuza hushindana kwa ukubwa wa sauti: wimbo wake usipokuwa na nguvu kama wa Diamond Platnumz anaona aibu. Kuubana wimbo hadi mawimbi yawe tofali moja hakumsaidii sana siku hizi. Spotify na mitandao mingine ya kusikilizia husawazisha nyimbo zote kwenye kimo kimoja, kwa Spotify takriban LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri, na wimbo uliobanwa ukishushwa hubaki bapa kando ya ule ulioachiwa nafasi. Kurekodi kwa biti 24 (za kompyuta, si za mdundo) huruhusu pia kuimba kwa kimo cha chini bila kuingiza uchafu. Masta ya mwisho aifanye mtu mwingine, kwenye chumba kingine, hata kama chumba hicho ni kibaya kama cha kwanza: ubaya wake ni tofauti, na makosa hayatalingana.

Mambo ya haki huachwa mwisho, na kuachwa huko ndiko kunakoleta ugomvi. Burundi ina mfano wake mchungu. Ngoma zilizorekodiwa na Vuylsteke mwaka 1967 zilichukuliwa na Mfaransa mwingine, akaziwekea gitaa na kinanda, na mwaka 1971 “Burundi Black” ikauzwa Ulaya na kuingia katika chati za Uingereza. Mwimbaji Joni Mitchell alitumia rekodi ya ngoma hizo mwaka 1975, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi za Kiingereza zikajenga mtindo mzima juu ya mdundo huo. Majina ya waliopiga hayakuandikwa kwenye lebo. Mzee wa bendi huusimulia mkasa huu kwa hasira, na mtunzi humjibu kwamba ugomvi wa Bwiza ni mdogo zaidi: ni wa biti iliyotolewa bure kwa urafiki, kisha wimbo ukapendwa. Ni ugomvi uleule. Hakuna aliyeandika nani alifanya nini.

Sheria ipo. Ile ya tarehe 30 Desemba 2005 inalinda haki za watunzi na haki zinazoambatana nazo nchini Burundi, na ofisi ya kuzisimamia, OBDA, iko Bujumbura. Lakini ofisi haiwezi kugawa kilichokuwa hakijagawanywa chumbani. Karatasi moja kwa kila wimbo inatosha: jina la wimbo, tarehe, aliyeandika maneno, aliyetunga sauti, aliyetengeneza biti, aliyepiga kila chombo, asilimia ya kila mmoja, na saini. Iandikwe siku wimbo unaporekodiwa, wakati hakuna anayejua kama utaleta hata faranga moja. Prodyuza anayeona haya kudai karatasi kwa rafiki, na mtunzi anayeona karatasi ni dalili ya kutoaminiana, wote wawili wanaweka akiba ya ugomvi.

Juu ya mauzo hakuna mengi. Spotify ilifika Burundi mwaka 2021, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haulipwi kitu huko. Kwa mtunzi wa Bwiza pesa ya kwanza hutoka mkononi: flashi anazouza usiku anapopiga baa, harusi anazoitwa baada ya wimbo kusikika, na kibanda kinachokubali kumpa sehemu. Mwenye kibanda anasema wazi kwamba akiombwa kwa heshima na kupewa nyimbo mapema, zikiwa na majina sahihi na picha ya jalada, atazipakia za mtaa wake kabla ya za mbali. Watunzi wachache humwomba. Wengi humlaumu.

Limebaki la kuhifadhi, ambalo katika mtaa huu si dogo. Machi 1995 mapigano yaliwakimbiza wakazi wengi wa Bwiza na Buyenzi, na anayekimbia na watoto habebi kabati la kaseti. Diski ya kompyuta ni nyepesi kuliko kabati, ila hufa bila kuaga, na joto na vumbi huiharakisha. Albamu iliyokamilika inahitaji nakala tatu: moja kwa mtunzi, moja kwa prodyuza, na ya tatu nje ya Bwiza, kwa ndugu wa Kigoma au Nairobi au kwenye hifadhi ya intaneti. Faili la programu peke yake halitoshi, kwa kuwa toleo la leo la programu huenda lisifunguke baada ya miaka kumi. Kila njia itolewe kivyake kama faili la WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri hata kama chombo kinaingia katikati, na kila moja ibebe jina la wimbo, chombo, mwendo na ufunguo wa muziki. Karatasi za asilimia zipigwe picha na kuwekwa katika folda hiyohiyo, pamoja na maneno ya nyimbo yaliyoandikwa kamili, na majina ya wote waliopiga, mzee akiwemo.